Mukwe Kwenye Benchi la Mbele

Kule Nundu, nyumbani kwa Mwalimu Raphaël, kulikuwa na mbuzi jike mweupe aliyejua mambo ya watu kuliko katekista. Si kwamba alikuwa na akili. Mbuzi ni mbuzi tu, na huyu alikuwa na tabia mbaya ya kutafuna nguo zilizoanikwa. Lakini kila neno ambalo Raphaël alitaka kumwambia mke wa mwanawe alimwambia mbuzi, na kila jibu la mke wa mwanawe lilipitia kwa mbuzi huyo huyo.

Mzee alikuwa akirudi kutoka shuleni mchana, anasimama uani, anaelekeza macho ziwani na kusema, "We mbuzi, mi niko na njaa." Naye Émilienne, ameinama nyuma ya ukuta wa jiko, anajibu, "Mbuzi, bugali imeiva, iko ndani." Basi mzee anaingia kula, na Émilienne anazunguka nyumba kwa upande wa pili ili wasije wakakutana mlangoni.

Usicheke. Ndivyo bukwe, heshima ya wakwe, ulivyokuwa kwa Babembe wa pale, na aliyeuchezea alichekwa yeye. Mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mukwe kwa jina lake, hamtazami usoni, hali mbele yake, na mzee akisimama karibu naye, yeye huchuchumaa na kutazama chini. Nyumba nyingine zina mtu wa kupeleka maneno huku na huku, lakini Nicolas, mume wa Émilienne, alikuwa Albertville akifanya kazi ya useremala, na mama mukwe, Marthe, alikuwa anashinda shambani kwenye mihogo yake. Ndipo mbuzi akapata kazi.

Wala hawakuchukiana, hata kidogo. Kwa kweli mzee alimpenda Émilienne kama binti wa tumbo lake. Ni yeye aliyemruhusu aendelee kusoma kwa masista baada ya kuolewa, wakati majirani walipokuwa wakimwuliza kama amemwolea mwanawe mke au karani. Émilienne aliyajua hayo yote, na kwa miaka aliyokaa pale alikuwa hajapata kumwambia asante, maana asante kama ile huwezi kuituma kwa mbuzi.

Sasa, kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita, walimu wa shule za misioni waliitwa mjini Baraka kwa mafunzo ya likizo. Walitoka Kilembwe kwa miguu, walitoka Ubwari kwa mitumbwi, walitoka Nundu juu ya kamyo ya pamba. Mwalimu Raphaël alikaa mbele karibu na dereva. Émilienne alikaa nyuma kabisa juu ya magunia, amegeuzia uso Nundu, akameza vumbi njia nzima. Alikuwa mwanamke peke yake katika safari ile, na hata katika mafunzo yenyewe.

Mafunzo yalikuwa ya nini? Padri Inspekta, Mzungu mrefu mwenye ndevu na haraka nyingi, alikuwa amepita katika shule akachoka na alichokikuta. Kila mahali watoto wanaimba masomo kwa sauti moja kama litania, na ukimtoa mmoja pembeni ukamwuliza, hana kitu. Kwa hiyo walimu wote, wapya na wa zamani, walitakiwa kurudi benchi. Asubuhi walifundishwa namna mpya: mtoto ashike kitu mkononi kwanza, ahesabu kwa macho yake, kisha ndipo aandike. Mchana kulikuwa na somo la mfano. Mwalimu mmoja anasimama mbele kufundisha, wenzake wanakaa kwenye mabenchi na kujifanya watoto. Wanakosea kwa makusudi kama watoto wanavyokosea, ili aonekane anavyosahihisha. Somo likiisha, Padri anasema kama umefaulu.

Kwa Émilienne, kufaulu si jambo la kujivunia tu. Kule Nundu akina baba walikuwa wamechoma matofali na kujenga darasa la wasichana, la kwanza pale. Lilikuwa limeezekwa tayari. Padri aliwaahidi kwamba mwezi wa tisa litafunguliwa, akipatikana mwalimu mwanamke mwenye karatasi yenye muhuri. Mwanamke huyo alikuwa Émilienne, hakuna mwingine. Asipofaulu, nyumba ile itakuwa stoo ya pamba, na wale wasichana ambao tayari mama zao waliwashonea nguo watarudi kwenye vinu. Kila mmoja wao alimjua kwa jina.

Siku ya somo lake aliamka mapema. Alikuwa ametayarisha hesabu ya kutoa, vizuri kabisa. Aliingia, akasalimia, akaanza kuita majina kama mwalimu anavyofanya. Casimir wa Ubwari, mwalimu mnene mwenye masihara, akaitika kwa sauti nyembamba ya mtoto, watu wakacheka. Jacques akaitika, na wengine wakaitika. Kisha macho yake yakafika benchi la mbele, karibu na dirisha, na pale alikuwa amekaa baba mukwe, mikono juu ya magoti, anatazama dari.

Émilienne akamruka. Akaita aliyefuata.

Tangu hapo somo lilikuwa limeharibika, ijapokuwa yeye mwenyewe alijitahidi lisionekane. Aliuliza upande wa kushoto, akauliza nyuma, akauliza katikati. Ile pembe ya dirishani hakuigusa, hata ubao aliandikia upande mmoja tu. Walimu wote walielewa na wakaona haya kwa niaba yake. Hata Casimir aliacha masihara.

Padri Inspekta alisubiri mpaka mwisho. Alisema hesabu ilikuwa safi, maneno yalikuwa safi, lakini kulikuwa na mtoto mmoja ambaye hakuitwa, hakuulizwa, hakusikika. "Mutoto mumoja alikuja shule leo," alisema, "na atarudi kwao kama vile hakukuja."

Casimir akasimama, akamweleza kwa heshima kwamba yule si mtoto, ni baba mukwe wake, na kwamba kwa desturi haiwezekani. Padri akasema bukwe anaujua, amekaa nchi hii muda mrefu. Tena hakukasirika. Akamgeukia Émilienne akamwuliza taratibu: kule Nundu, je, hakutakuwa na watoto waliopewa jina la mzee huyu? Hakutakuwa na watoto wa ndugu zake, wa ukoo wake, ambao Émilienne anawaheshimu kama wakwe? Atawaacha wangapi karibu na dirisha?

Kilichomuuma Émilienne ni kwamba Padri alikuwa amesema kweli. Akaambiwa arudie somo kesho, darasa lile lile, mabenchi yale yale. Akishindwa tena, basi mwaka ujao.

Mchana ule walimu walikula njama ya kumwokoa. Mwenye mawazo mengi alikuwa Casimir. Alitaka mzee aumwe tumbo kesho, jambo ambalo kwa maharagwe ya misioni kila mtu angeliamini. Lakini Padri alikuwa amekwisha kutangaza kwamba atakayekosa hata kikao kimoja hatapata muhuri, awe mgonjwa, awe mzima, na asiye na muhuri atarudishwa kuwa msaidizi. Mzee aliyefundisha tangu kabla ya vita arudi kuwa msaidizi wa vijana! Émilienne alisikia mpango ule akaukataa kabla Casimir hajamaliza kuueleza. Alisema heri darasa lisifunguliwe.

Aliposema hivyo alikuwa amekata shauri kweli. Jua lilipoanza kupungua, alishuka ziwani kufua nguo zake, akijiandaa moyoni kurudi Nundu mikono mitupu na kuwaambia wale akina baba. Alilia kidogo pale majini, akanawa uso, akaendelea kufua.

Mbuzi wa misioni walikuwa wanakula majani pale pembeni. Mara akasikia kikohozi anachokijua. Hakugeuka. Alichuchumaa tu pale pale, kitambaa mkononi.

Mwalimu Raphaël alisimama mbali kidogo, mgongo amempa. Aliwatazama mbuzi wale mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta anayefaa. Kisha akasema:

"We mbuzi. Kesho kila muntu atafanya kazi yake."

Émilienne alikamua kitambaa mpaka hakikuwa na tone. "Mbuzi," alisema, "mi naogopa."

Mzee aliokota jiwe, akalitazama, akalitupa majini.

"Mbuzi, hata mi naogopa," alisema, akaenda zake.

Sijui kama umewahi kusikia mtu uliyemheshimu maisha yako yote akikiri kwamba anaogopa. Émilienne alibaki pale ameduwaa. Alikuwa amefikiri kwamba woga ni wake peke yake, na kwamba mzee kazi yake ni kutazama dari tu. Kumbe na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi lile akiona mke wa mwanawe anazama kwa sababu yake. Émilienne alianika nguo zake juu ya majani. Halafu akaenda kukata matete pembeni mwa ziwa. Aliyakata mafupi mafupi, akayafunga kumi kumi kwa kamba za mgomba. Hesabu ya leo ilikuwa ya ubaoni. Ya kesho itakuwa ya mikononi.

Kesho yake darasa lilijaa. Hata masista wawili walikuja wakasimama mlangoni. Padri Inspekta alikaa nyuma, mguu juu ya mguu.

Émilienne hakuanza kwa kuita majina. Aliwaambia watoto kwamba leo anataka kuzisikia sauti zao, kila mmoja asimame ajitaje mwenyewe, jina lake na mahali anapotoka. Wakaanza wale wa benchi la upande wa mlango. Casimir wa Ubwari. Jacques wa Kilembwe. Ilipofika zamu ya dirishani, mzee akasimama wima, mikono imenyooka kama mtoto wa mwaka wa kwanza.

"Raphaël, wa Nundu," alisema.

Émilienne alikuwa ameinama kupanga matete yake mezani, kwa hiyo hakuna aliyejua kama alichuchumaa au alikuwa anatafuta kitu. Nyuma, Padri akainua nyusi.

Akatoa hesabu. Mama mmoja amepata samaki wa ziwani, mikeke makumi tatu na mbili. Ameuza kumi na tano sokoni. Amebaki na mingapi? Akaandika namba ubaoni, akageuka. Mikono ikainuka kila mahali, na pale dirishani pia mkono ulikuwa juu, mkono mweusi wenye mvi za chaki.

Sasa hapa sijui kama walipanga au walielewana tu kwa macho. Mkono wa Casimir ulishuka. Wa Jacques ukashuka. Mmoja mmoja, darasa zima, mikono ilishuka, ukabaki ule mmoja. Émilienne hakulazimika kutaja mtu. Alifungua kiganja chake kuelekea dirishani, macho chini.

Mzee akasimama. "Makumi mbili na tatu," alisema.

Darasa zima likageuka kumtazama. Yule ndiye Mwalimu Raphaël, aliyekuwa anaitwa na watu wa pamba kuja kuhakikisha mizani yao. Kutoa kumi na tano katika makumi tatu na mbili angeweza usingizini. Lakini alikuwa amekosea kama watoto wanavyokosea: ameona tano ni kubwa kuliko mbili, akageuza, akatoa mbili katika tano. Na alikuwa amesimama pale anangoja asahihishwe na mke wa mwanawe mbele ya watu.

Jina Émilienne alikuwa ameliepuka, lakini hili lilikuwa kubwa kuliko jina. Kumwambia baba mukwe "hapana"! Kumwambia "umekosea"! Mdomo wake haukujua hata maneno hayo yangetokaje. Na akisema "vizuri, kaa chini", amekwisha, na wasichana wamekwisha pamoja naye. Mzee alikuwa amemwachia kosa lile mikononi, na lilikuwa kosa la kweli, la mtoto wa kweli. Kila muntu atafanya kazi yake.

Basi miguu yake ikafanya ilichozoea. Mzee amesimama karibu naye, yeye akachuchumaa. Alichuchumaa pale pale mbele ya benchi, mafungu ya matete mkononi, akayapanga chini kwenye udongo: mafungu matatu, na matete mawili pembeni. Hakumtazama mtu. Aliyatazama matete, na alipofungua kinywa alisema nayo, kama vile nyumbani anavyosema na mbuzi.

"Nyie matete," alisema polepole, "mama anataka kuuza mikeke tano kwanza. Hapa pembeni iko mbili tu. Sasa tutatoa wapi ingine?"

Mzee akakaa kwenye benchi, akainama mbele, viwiko juu ya magoti. Naye akasema na matete. "Matete, labda iko ndani ya fungu."

"Fungu limefungwa, matete."

"Basi lifunguliwe."

Émilienne alisogeza fungu moja kwenye udongo mpaka karibu na miguu ya mzee, akaondoa mkono wake. Mkono wa mzee ukashuka, ukaivuta kamba ya mgomba, matete kumi yakasambaa pamoja na yale mawili. Akahesabu kwa kidole. Akaondoa matano. Akaondoa fungu moja zima. Akahesabu yaliyobaki kwa sauti, bila haraka, na darasa zima lilikuwa limesimama juu ya mabenchi kuchungulia, watu wazima wenye ndevu.

"Matete," alisema, "iko kumi na saba."

Émilienne akapiga makofi mawili ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, makofi ya mwanamke anayemshukuru mkubwa wake. Zile zilikuwa asante zake zote za miaka yote, na yule aliyepaswa kuzipata alizipata. Darasa likadhani ni makofi ya kumpongeza mtoto, likapiga pia, kwa fujo.

Padri Inspekta alisimama. Akapangusa miwani yake. Kisha akawaambia kwamba amepita shule nyingi, na kila mahali amemkuta mwalimu amesimama juu ya mtoto kama mlinzi wa gereza. Leo kwa mara ya kwanza ameona mwalimu anashuka mpaka chini, anakaa kwenye kimo cha mtoto, tena hamwambii hapana, anakiacha kitu chenyewe kimsahihishe. Ndiyo namna mpya yenyewe. Alitaka kila mwalimu wa eneo lote la Fizi afanye hivyo hivyo kuanzia mwezi wa tisa: achuchumae, aseme na vitu.

Hapo walimu walibanwa na kicheko mpaka machozi, lakini nani angethubutu kucheka? Jacques aliuma mkono wa shati lake. Casimir alijitazama tumbo, akapiga hesabu ya jinsi atakavyochuchumaa na jinsi atakavyoinuka, akaguna.

"Kosa moja tu, binti yangu," Padri akamalizia. "Haukumuangalia mutoto usoni. Siku ingine umuangalie."

"Ndiyo, Padri," alijibu Émilienne, macho chini. Dirishani, mzee alikuwa amerudia kutazama dari.

Muhuri ukapigwa, wake na wa mzee na wa wengine. Walirudi Nundu na kamyo ile ile, mzee mbele, yeye nyuma. Safari hii aligeuza uso upande wanakokwenda, na alipoliona paa jipya la darasa la wasichana kwa mbali alisimama juu ya magunia, karibu aanguke.

Jumapili iliyotangulia kufunguliwa kwa shule, Marthe alikuwa uani anamenya mihogo, na Émilienne yuko nyuma ya ukuta wa jiko akifunga matete mapya kwa ajili ya wasichana wake. Mzee akatoka ndani na kigoda chake. Akakiweka karibu na mbuzi, akakaa, akakohoa.

"We mbuzi," alisema. "Ambia mwalimu..."

Émilienne akaacha kufunga. Katika nyumba ile mwalimu alikuwa mmoja, na hakuwa yeye. Mbuzi alikuwa amekwisha kutumwa kwa "yule wa jikoni" na kwa "mama wa kwetu", lakini neno hilo lilikuwa geni.

Marthe naye aliinua kichwa, kisu mkononi. Akamwuliza mumewe kwa nini amtume mbuzi na yeye yupo hapa, ana masikio mawili na mdomo. Mzee akamwambia hii ni kazi ya shule, aendelee na mihogo yake.

"Ambia mwalimu," alirudia, "batoto bangu ba mwaka wa pili, kila mwaka banakosea pale pale. Makumi mbili na tatu. Mi nasema, nasema, nachoka. Kule Baraka niliweka lile kosa lao ili nione yeye atalifanya namna gani."

Émilienne akatoka nyuma ya ukuta, ameinama, macho chini, matete mkononi. Akachuchumaa upande wa pili wa mbuzi, akayapanga juu ya udongo, mafungu matatu na mawili pembeni, na wakaanza. Waliendelea mpaka bugali ikaiva. Mbuzi akala tete moja, wakapata kumi na sita, Marthe akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mbuzi," mzee alisema, akilisukuma lile domo kando, "ambia mwalimu aanze tena tangu mwanzo. Pale kwa kufungua fungu, bado sijaelewa muzuri."

Émilienne akayakusanya matete yote, akaanza tena tangu mwanzo.